Jicho Haliumi Linapoungua

Tarehe 1 Septemba 2016, ilipokaribia saa sita mchana, maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, kushuhudia jua likipatwa. Siku hiyo mwezi ulikuwa mbali kiasi na dunia hata ukaonekana mdogo kuliko jua. Ulipoingia katikati yake haukuweza kulifunika lote, ukaacha pete nyembamba ya mwanga pembezoni, na ndiyo maana wataalamu wetu wa falaki walikuita kupatwa kwa kipete. Kivuli kilitokea Atlantiki, kikapita Gabon na Kongo, kikavuka kusini mwa Tanzania na kuelekea Msumbiji na Madagaska. Rujewa, uso wa jua ulizibwa karibu asilimia 95. Anayesikia takwimu hiyo ni rahisi aone kwamba jua lilikuwa limekwisha nguvu, lakini hesabu inakataa. Jua zima hung'aa kuliko mwezi mpevu mara 400,000 hivi, kwa hiyo ile asilimia tano iliyobaki ilikuwa bado sawa na miezi mipevu 20,000. Katika dakika zile tatu za pete hapakuwa na hata sekunde moja ambayo jicho tupu lingeweza kulikabili jua kwa salama.

Dakika za namna hiyo ndizo zinazotuponza. Tumezoea kuipima hatari ya jua kwa kero yake: likituchoma macho tunaliogopa, likipoa tunalizoea. Hoja yangu ni kwamba kipimo hicho ni kibovu tangu mwanzo. Jicho kutoumia hakuthibitishi kwamba liko salama, na karibu kila njia mbaya ya kutazama jua, tangu kioo kilichofukizwa moshi wa kibatari hadi miwani ya kubahatisha ya sokoni, inatokana na kuamini kwamba kunathibitisha.

Tuanze na jicho lenyewe. Mtu akilikodolea jua la mchana, machozi humtoka, kope hufumba na kichwa hugeuka kabla hajaamua kukigeuza. Kinga hiyo ni ya kuzaliwa nayo, na kwa siku za kawaida inatosha; ndiyo sababu watu wanaofanya kazi juani miaka nenda miaka rudi hawapofuki kwa kulitupia jua jicho kwa bahati mbaya. Lakini kero ile haitoki mahali panapoungua. Nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina, unaopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo, na utando huo hauna neva za maumivu. Ukimtazama mtu, lenzi ya jicho huchora sura yake juu ya retina. Ukilitazama jua, huchora jua. Picha hiyo ya jua ni ndogo mno, upana wake ni kama sehemu ya sita ya milimita moja, lakini inaangukia mahali hasa ambapo jicho limelengwa, yaani kitovu cha retina, sehemu ile ile tunayoitumia kusoma, kutunga uzi kwenye sindano na kutambua uso wa mtu aliye ng'ambo ya barabara. Hapo mwanga mkali, hasa wa buluu na urujuani, huanzisha mabadiliko ya kikemikali yanayoharibu chembe zinazopokea nuru. Miale ya joto isiyoonekana ikijumlika, uharibifu huongezeka. Hakuna kinachouma. Aliyeumia huenda nyumbani, hula, hulala, na mara nyingi ni kesho yake asubuhi, akifungua gazeti au simu, ndipo anapogundua kwamba herufi anazozilenga hazipo ilhali za pembeni anaziona.

Sasa tazama jua linapopatwa linafanya nini. Linapunguza jumla ya mwanga unaoingia machoni, kwa hiyo kope hazifumbi tena na machozi hayatoki. Halipunguzi ukali wa kile kipande kilichobaki. Kila sehemu ya uso wa jua isiyofunikwa na mwezi inawaka vile vile ilivyokuwa ikiwaka jana, na mahali padogo kwenye retina inapoangukia picha yake panaunguzwa kwa nguvu ile ile. Ukiondoa makaa tisa kwenye jiko ukaacha moja, joto la jikoni hupungua, lakini kidole kikiligusa lile moja hakipati nafuu yoyote. Kuna na la zaidi. Giza linapoanza kuingia mchana, mboni ya jicho hupanuka ili itafute mwanga, na mboni ikipanuka kutoka milimita mbili hadi nne, mlango wa mwanga umekuwa mkubwa mara nne. Kwa maneno mengine, kupatwa kwa jua humnyang'anya mtu onyo na kumwachia hatari, kisha humfungulia hatari hiyo mlango.

Ushahidi upo hospitalini. Baada ya jua kupatwa Uingereza mnamo Agosti 1999, watu 45 walifika katika hospitali ya Leicester Royal Infirmary wakihofia kwamba wameumia macho. Wengi wao walipata nafuu, na hilo lisemwe bila kufichwa, kwa sababu kutisha watu kupita kiasi hakusaidii. Lakini miezi saba baadaye wanne walikuwa bado wanaona alama za jeraha ndani ya upeo wa macho yao. Mwaka 2017, jua lilipopatwa Marekani, madaktari wa Mount Sinai, New York, walimchunguza mwanamke kijana aliyekuwa amelitazama jua bila kinga kwa sekunde chache, mara kadhaa. Kwa kamera inayoweza kuonyesha chembe za retina moja moja, walikuta jeraha lenye umbo la hilali, sawa na lilivyokuwa jua la New York saa ile. Jua lilikuwa limejichora ndani ya jicho lake. Hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa ya kurudisha chembe za namna hiyo. Wapo wanaopona kwa wiki au miezi, na wapo wanaobaki na doa katikati ya kila wanachokitazama.

Ukishaielewa kanuni hii, unaweza kuzipima mwenyewe zile kinga tunazobuni mitaani. Miwani ya jua ya kawaida, hata ile nyeusi ti, hupitisha kama asilimia 10 ya mwanga au zaidi. Kiwango cha kimataifa cha vichujio vya kutazamia jua, kiitwacho ISO 12312-2, hakiruhusu mwanga unaoonekana kupita zaidi ya asilimia 0.0032, yaani sehemu moja kati ya 30,000 hivi. Miwani ya jua imezidisha mara elfu tatu. Ukivaa tatu kwa pamoja bado umezidisha mara thelathini, na zaidi ya hapo hujui zinafanya nini na miale isiyoonekana. Filamu za eksirei, kioo cha moshi, sidii na negativu za rangi zina kasoro ya aina moja: hulipoza jua machoni pa mtazamaji, lakini zinaweza kuiachia miale ya joto ipite, na weusi wake haulingani kutoka sehemu moja hadi nyingine. Ubaridi huo wa macho ndio unaomfanya mtu atazame kwa dakika nzima badala ya sekunde moja. Kinga mbovu inaweza kuwa mbaya kuliko kukosa kinga kabisa, kwa sababu asiye na kitu hukimbizwa na mwangaza, na mwenye filamu ya eksirei hakimbizwi na chochote. Kioo cha fundi wa kuchomelea vyuma kinafaa, ila kiwe namba 12 hadi 14. Vingi vinavyotumika karakana ni namba 10 au 11, na vile vimiwani vyeusi wanavyovaa mafundi wa pembeni mwa barabara havifai kwa jua, na kusema kweli havifai hata kwa kuchomelea.

Hapa mtu mzima atauliza: mbona wazee walitazama jua kwenye beseni la maji na hawakupofuka? Swali hili linastahili jibu la heshima, maana ushauri wa maji ni wa kale na una akili ndani yake. Plato, katika kitabu cha Phaedo, anamweka Socrates akizungumzia watu wanaoharibu macho kwa kulitazama jua likipatwa badala ya kuangalia taswira yake majini. Wazo la kutolitazama jua lenyewe ni sahihi kabisa. Tatizo ni kiasi. Jua likiwa utosini, maji huakisi kama asilimia mbili ya mwanga wake, na jua likishuka huakisi zaidi. Asilimia mbili ni ndogo, lakini ni zaidi ya mara mia sita ya kile ambacho kiwango cha kimataifa kinaruhusu. Kioo cha kujitazamia ni kibaya zaidi. Isaac Newton akiwa kijana alilitazama jua kwenye kioo kwa jicho moja, akarudia, na katika barua aliyomwandikia John Locke mwaka 1691 alieleza jinsi taswira ya jua ilivyomganda machoni hata akalazimika kujifungia gizani siku tatu. Kama mtu mwenye akili ile aliamini kwamba kioo kingemhifadhi, mtoto wa shule hana lawama. Na wale wazee waliotazama beseni na kusalimika, wengi walitupa jicho kidogo tu, maji yalitikisika, wingu likapita. Wengine yawezekana waliumia kidogo wasijue: ubongo una tabia ya kuziba pengo dogo, na jicho zima humfichia mwenzake aliyejeruhiwa. Kusema "mimi nilitazama na sikudhurika" ni kurudia kosa lile lile la kupima kwa maumivu.

Miwani maalumu ya karatasi, kama iliyotumiwa Rujewa, ni kinga ya kweli ikiwa imetengenezwa kwa kiwango. Lakini hapo napo kanuni yetu inatubana. Watu hufundishana kuijaribu kwa kuivaa ndani ya nyumba: usipoona chochote isipokuwa mwanga hafifu wa taa kali, basi ni nzima. Jaribio hilo lina faida nusu. Likikuonyesha fanicha na nyuso za watu, tupa miwani hiyo mara moja. Likikuonyesha giza, limekuambia tu kwamba mwanga unaoonekana umezuiwa. Kuhusu urujuanimno na infraredi halijakwambia neno, kwa kuwa jicho haliwezi kuvishuhudia. Kwa hiyo la kuangalia ni asili ya miwani: nani ameitengeneza, nani ameiingiza nchini, ina alama ya kiwango au haina, na je, utando wake umekwaruzwa au kutoboka? Na hata miwani halali haitumiwi pamoja na darubini. Lenzi kubwa hukusanya mwanga na kuubana mahali padogo, ukaunguza kichujio cha karatasi na jicho lililo nyuma yake. Kichujio cha darubini hufungwa mbele, upande unaoelekea jua.

Wapo wanaosema kwamba kwa hatari zote hizi, jambo la busara ni kuwafungia watoto ndani mpaka jua lirudi. Nia ni njema, lakini siungi mkono. Mtoto aliyefungiwa bila kuelezwa ndiye atakayechungulia dirishani, peke yake, bila kinga, kwa sababu ameambiwa kuna kitu asichotakiwa kukiona. Tena amri ya kujificha huzaa imani kwamba jua linapopatwa hutoa sumu fulani, imani ambayo huwafanya watu waogope kuchota maji na kupika chakula, na bado isiwafundishe kwamba jua la siku nyingine yoyote nalo huunguza retina. Miale ni ile ile ya kila siku. Kilichoongezeka ni hamu ya kutazama. Waislamu wa pwani wana sala yao ya kupatwa kwa jua, na msikitini ni mahali pema pa kuwa saa ile. Lakini sala huisha, na jua huendelea kupatwa kwa saa mbili au zaidi, na watoto watatoka uani. Wanahitaji kujua la kufanya.

La kufanya ni kulipa jua mgongo. Hii ndiyo njia pekee isiyotegemea kukisia kama jicho linaumia au haliumi, kwa kuwa mwanga wa jua hauingii jichoni moja kwa moja hata kidogo. Chukua kipande cha boksi, toboa tundu dogo kwa pini, simama jua likiwa nyuma yako, na uache mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe. Mwanga huo si doa la kawaida. Ni picha ya jua. Usichungulie tunduni, angalia karatasi. Karatasi ikiwa mita mbili kutoka kwenye tundu, picha ina upana wa karibu milimita 19, na mwezi unapoanza kulimega jua, picha humegeka vile vile. Asiye na boksi apishanishe vidole vya mikono miwili juu ya ardhi, na kila upenyo mdogo utatoa jua lake. Chujio la jikoni lenye matundu hutoa majua kwa makumi. Chini ya mwembe, nafasi ndogo kati ya majani hufanya kazi hiyo bila kuombwa, na wakati wa kupatwa, madoa ya mwanga tuliyozoea kuyaona ya duara yote hugeuka hilali kwa pamoja. Ningependa mwalimu ajaribu na hili: afunike kioo kidogo kwa karatasi yenye tundu la milimita tano, akiweke nje juani, aelekeze mwanga wake ukutani ndani ya darasa lililotiwa giza. Kwa umbali wa mita kumi atapata jua lenye upana wa sentimita tisa hivi, ambalo darasa zima litalitazama kwa pamoja, ilimradi kioo kiwe mahali ambapo hakuna mtoto atakayekiinamia. Wenzetu wanaotaka watoto wakae ndani watakuwa wamepata walichotaka, na watoto watakuwa wamelisoma jua.

Atakayeona kwamba hiyo ni njia ya maskini akumbuke kwamba Galileo, alipochora madoa ya jua mwaka 1612, alifanya hivyo kwa kuiacha darubini imwage picha ya jua juu ya karatasi, mbinu aliyoipata kwa mwanafunzi wake Benedetto Castelli. Hadithi kwamba alipofuka kwa kulitazama jua haina msingi: upofu wake ulikuja zaidi ya miaka ishirini baadaye, uzeeni, kwa maradhi mengine ya macho.

Yamebaki mapingamizi mawili, na yote yana chembe ya ukweli. La kwanza ni jua la machweo, ambalo watu hulitazama ufukweni kila jioni. Ni kweli kwamba likiwa limeinama kabisa, hewa nene huupunguza mwanga wake wa buluu, ule unaodhuru zaidi, na hatari hushuka sana. Hilo haliwi ruhusa ya jua la saa tisa. La pili ni kwamba jua likipatwa kikamilifu hutazamwa kwa macho matupu. Ni kweli, na nadhani kulificha jambo hili ni kosa: mwezi ukilifunika jua lote, kinachobaki kuonekana ni anga la nje la jua, lenye mwangaza unaokaribia wa mwezi mpevu, na hapo miwani huvuliwa. Lakini ruhusa hiyo ni ya mahali na ya sekunde. Pakwach, kaskazini-magharibi mwa Uganda, jua lilipopatwa tarehe 3 Novemba 2013, ilidumu kama sekunde ishirini tu. Tone la kwanza la jua likichomoza, ruhusa imekwisha, na nje ya ukanda huo mwembamba haikuwapo kabisa.

Ndiyo maana tarehe 2 Agosti 2027, siku ya Jumatatu, inahitaji maandalizi ya mapema. Kivuli kamili cha mwezi kitapita kusini mwa Hispania, Afrika Kaskazini, Luxor nchini Misri ambako giza litazidi dakika sita, kisha Jeddah na Makka, Yemeni, na kaskazini mwa Somalia. Jamaa zetu walioko Jeddah watakuwa na dakika zao za kuvua miwani. Kenya, Uganda na Tanzania tutaona jua likimegwa tu, mchana, na kwetu hakutakuwa na wakati wowote wa jicho tupu. Video kutoka Luxor zitasambaa kwenye simu saa hiyo hiyo zikionyesha umati ukitazama juu bila kinga, na atakayeiga akiwa Mombasa au Mwanza ataumia. Redio na shule zilitangaze hilo kwa maneno mepesi kabla ya siku yenyewe, na wanaotaka miwani ya kiwango waiagize miezi kadhaa kabla, badala ya wiki ya mwisho ambapo wauzaji wa bandia ndio hutamba. Wa kuangaliwa kwanza ni watoto, kwa kuwa lenzi zao ni safi na hupitisha mwanga mwingi zaidi wa buluu hadi kwenye retina kuliko za watu wazima.

Na aliyekwisha kutazama asisubiri jicho liume ndipo aamini. Kesho yake achukue daftari la hesabu lenye miraba, atie nukta katikati ya ukurasa, afumbe jicho moja na kuikazia nukta hiyo kwa jingine, kisha abadilishe. Mistari ikipinda, miraba ikikosekana karibu na nukta, au rangi ikififia hapo katikati, aende kwenye kliniki ya macho siku hiyo hiyo na aseme wazi kwamba alilitazama jua, kwa dakika ngapi na kwa kutumia nini, hata kama ni filamu ya eksirei. Asijitibu kwa dawa ya matone ya dukani, maana matone hayo ni ya uso wa jicho, na jeraha liko nyuma.